Tumfunge Kamba Kwanza, Kisha Tutawakali

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, mtaa wetu wa Tudor huwa na utulivu wake. Kunguru hawajaanza ugomvi, matatu za kuelekea mjini bado ni chache, na muuza mahamri na mbaazi ndio kwanza anapuliza moto. Jumamosi moja ya karibuni utulivu huo ulipasuliwa na mngurumo wa msumeno wa mashine, ule unaokwenda kwa petroli. Nilitoka na kikoi changu nikatazame. Juu ya mwembe wa jirani, mwembe ambao umri wake unaupita wangu, palikuwa na kijana amesimama mguu mmoja kwenye panda na mwingine kwenye tawi lisilozidi unene wa paja. Mashine iko mkononi inalia. Ndara zake amezivua, ziko chini ya shina kama za mtu aliyeingia msikitini. Na kamba, ndugu msomaji, hakuwa nayo.

Barazani walikuwapo wazee wawili watatu wanakunywa kahawa chungu. Mmoja akatikisa kichwa akasema, "Mungu ndiye amshikaye." Wote wakaitikia, "Naam," na mazungumzo yakageukia bei ya unga.

Mimi neno hilo halikunitoka. Ni neno la kweli, hapana Muislamu atakayelipinga. Lakini kuna neno la kweli linalosemwa mahali pasipo pake, na hilo nataka tulizungumze leo.

Kwanza tumjue huyu mtu. Sisi watu wa mjini tuna tabia ya kuwachanganya watu watatu na kuwatia kapu moja. Yuko mkwezi, ambaye kazi yake ni kukwea mnazi kuangua nazi na madafu. Yuko mgema, ambaye hukwea mnazi huo huo, lakini na kotama yake, kugema tembo. Na yuko mkata miti, ambaye hupogoa matawi, hushusha mti mzima ulioelemea nyumba, na huondoa matagaa yaliyoingia katika waya za stima. Kwa kuwa wengi wao hutoka ng'ambo ya kisiwa, Rabai, Kaloleni, Kwale na kwingineko kwa ndugu zetu Wamijikenda, na kwa kuwa wengine walianza kwa kukwea minazi utotoni, basi mtu akipita na kamba begani husikia nyuma yake, "Huyo mgema tu." Neno "tu" hilo ndilo linalouma. Tembo ni haramu na tunajua hukumu yake. Lakini mtu aliyekuja kukuondolea tawi juu ya kichwa cha mwanao hakuja na tembo, alikuja na ufundi. Kumdharau kwa kazi asiyoifanya ni dhulma, na dhulma haiwi ndogo kwa kuwa imesemwa kwa kicheko.

Na ufundi wenyewe si mdogo. Nimekaa na fundi mmoja wa kazi hii, mtu wa miaka arubaini na kitu, ambaye amefanya kazi Tudor, Tononoka, Ganjoni na Kizingo. Nilimwomba anitolee vyombo vyake alivyovitia katika gunia. Akavitandika juu ya mkeka kimoja kimoja: panga mbili, moja nzito na moja nyepesi; shoka; msumeno wa mkono wenye meno yaliyopinda, unaokata ukivutwa; tupa ya kunolea; kamba tatu; kapi moja la chuma; na chupa ya mafuta yaliyotumika, ya kulainisha mnyororo wa mashine. Mashine yenyewe si yake. Huikodi kwa siku kutoka kwa mwenye nayo, na akiiharibu huilipa.

Nikamwuliza kuhusu kamba tatu, kwa nini si moja. Akacheka. "Mzee," akaniambia, "moja ya mti, moja ya tawi, moja yangu." Ya mti hufungwa juu kwenye shina likivutwa liangukie linakotakiwa. Ya tawi hupitishwa juu ya tagaa lenye nguvu au katika kapi, likafungwa tawi linalokatwa, na mwenziwe aliye chini huizungusha kwenye shina mara mbili tatu kisha huilegeza kidogo kidogo, tawi likashuka kama mtungi unaoteremshwa kisimani. Hiyo ya tatu ni ya kiunoni kwake.

Nikamwuliza mafundo amejifunza wapi. Akasema babu yake mzaa mama alikuwa baharia akienda na majahazi kutoka Bandari ya Kale. Basi hapo nilielewa. Kamba inayopita juu ya tagaa na kushusha gogo haina tofauti na jarari inayopita katika gofia kupandisha foromali. Elimu iliyokuwa ikiendesha vyombo vya pwani hii kwa pepo za kusi na kaskazi bado iko hai, lakini imehama mlingotini ikapanda mwembeni. Sisi tunaolia kila siku kwamba utamaduni wa bahari unakufa, hatukuuona uko uani kwetu, umevaa shati lililochanika.

Kisha aniambie habari za miti, na hapa nilikuwa mwanafunzi. Mwembe, alisema, ni mzito na matawi yake hutanda mbali. Na hauendewi asubuhi bila kutazama majani, kwani wale siafu wekundu tunaowaita majimoto hushona majani wakafanya nyumba, na wakimwingia mtu shingoni akiwa juu, mkono humwacha tawi kabla akili haijaamua. Utomvu wake huchoma ngozi. Mkwaju ni mgumu, hula meno ya msumeno, lakini tawi lake huaminika. (Mimi mkwaju niliujua chuoni kwa maalim, kwa upande wa bakora, na hata mimi nashuhudia ugumu wake.) Mwarobaini hukua upesi, na tawi lake huonyesha uzima kumbe limeshafanya ufa kwenye panda. Mkungu hutanda matabaka matabaka kama ghorofa, na tabaka la juu likianguka huchukua la chini. Mbuyu ni laini, maji matupu ndani, na mtu asiyeujua hudhani unakatika kama papai, kumbe msumeno hukwama katika nyuzi zake.

Na mnazi ni mlango wa peke yake. Mnazi hauna tawi la kushika wala tawi la kufungia kamba. Mkwezi hukwea kwa vidato vilivyochongwa katika shina, na kila kidato kikiwa kirefu mno maji hukaa ndani yake na kuozesha. Akifika juu hupiga kidole kwenye nazi akajua kitale ni kipi, dafu ni lipi na koroma ni lipi. Huvuta makuti makavu, hutazama kama chonga ametoboa, na huyo mdudu hutolewa kwa waya wenye ncha iliyopinda. Ole wake atakayegusa shaha, yaani moyo wa mnazi ulioko kileleni. Mti mwingine ukikatwa kichwa utachipua ubavuni. Mnazi una moyo mmoja, ukikatwa huo umekufa. Si ajabu wahenga wetu wakampa mkuu wa malenga jina lilo sawa na la kitu hicho.

Sasa nitoe mfano wa kazi yenyewe, ili asije mtu akasema ni kupiga panga tu. Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Fundi ajuaye hulianza kwa chini, mbali kidogo na shina, akatia mkato mdogo unaokwenda juu. Kisha husogea mbele akakata kutoka juu kwenda chini. Tawi likivunjika huvunjika hapo, wala halichani gome mpaka shinani. Hubaki kigutu. Hicho hukatwa kwa mkato wa tatu, karibu na shina lakini si kulichubua shina. Kwani pale tawi linapotokea pana uvimbe kama pete, na uvimbe huo ndio unaofunika kidonda. Ukiukata huo, umeuondolea mti dawa yake. Ukiacha kigutu kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani.

Haya fundi wetu aliyajua kwa macho na mikono. Huko Marekani yalikuja kuthibitishwa na mtaalamu wa misitu aitwaye Alex Shigo, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006. Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine atazame vidonda vyake kwa ndani. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walieleza kwamba mti hauponi kama aponavyo mnyama. Mti hujenga ukuta kukizunguka kidonda, ukakifungia uozo humo, kisha ukaendelea kukua nje yake. Ndiyo maana kupaka lami au rangi mahali palipokatwa hakusaidii. Na ndiyo maana kuukata mti kichwa chote, kama tunavyoifanyia miarobaini yetu kila mwaka, ni kuufungulia vidonda vingi usivyoweza kuvijengea ukuta vyote. Unachipua, kweli, na tunafurahi kuwa umechipua. Lakini vile vichipukizi vimeshikwa na ngozi tu, na baada ya miaka michache ndivyo vinavyoanguka juu ya mabati.

Kabla yake, Mwingereza mmoja aliyehamia Ohio, jina lake John Davey, alitoa kitabu mwaka 1901 alichokiita Mganga wa Miti kwa lugha yao, na kazi hiyo ikapata heshima ya uganga. Huko Uingereza leo anayepanda mti na msumeno wa mashine kwa ajira hufunzwa kwanza na kupasishwa, na huvaa kofia ngumu, mshipi wa kiunoni na mapajani, na suruali yenye nyuzi ndani zinazokwamisha mnyororo ukigusa mguu. Sisemi hayo ili tuwaabudu watu wa ng'ambo. Nasema kwamba kazi ni ile ile, mti ni ule ule, na mvuto wa ardhi hautofautishi mguu wa Ohio na mguu wa Rabai.

Tuje katika dini, maana wengi wetu humalizia hoja huko na mimi sina budi kupita njia hiyo.

Wako waliosoma nasi chuoni wanaokumbuka hadithi mbili za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Ya kwanza iko katika Sahihi Muslim, nayo yasimulia habari ya mtu aliyeonekana akistarehe peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, mti uliokuwa ukiwaudhi watu. Ya pili iko katika Abu Daud, nayo inamwonya anayekata mkunazi kwamba Mungu atakitumbukiza kichwa chake motoni. Na Abu Daud mwenyewe akaeleza kwamba makusudio ni mkunazi wa jangwani, unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, akaukata mtu kwa upuuzi na dhulma bila haki yoyote. Mkunazi huo ndio ule ambao majani yake twawaoshea maiti wetu.

Tazama ajabu hiyo. Panga ni moja na mti ni mti. Mmoja ameingia peponi, mwingine ameonywa kwa moto. Tofauti haiko katika kukata wala katika kutokata. Tofauti iko katika swali la nani anaudhika na nani anapata kivuli. Kwa hiyo mkata miti anapofika mlangoni kwako asubuhi, ameshika mkononi kitu kizito kuliko panga. Na wewe uliyemwita ndiwe unayemchagulia ni katika hadithi ipi atapanda.

Hapa Tudor tuna kesi za aina zote mbili. Ule mkungu ulioingiza matagaa katika waya za stima mbele ya nyumba yenye watoto, kuupogoa ni kuondoa udhia njiani, na hilo ni tawi katika matawi ya imani. Tawi lililovuka ukuta likamwagia jirani majani katika tangi lake la maji, wanavyuoni wa fikihi walikwisha kulizungumza: jirani ana haki ya kutaka liondolewe, na mwenye mti asiseme huu ni mti wangu. Lakini ile nyumba ya zamani yenye ua mpana, iliyouzwa ili pajengwe ghorofa, miembe yake ikashushwa yote kwa siku mbili hata ule uliokuwa pembeni kabisa ya kiwanja usiomzuia mjenzi kwa lolote, hiyo ni kesi ya mkunazi. Miti inayokaa miaka sitini kukua huondoka kabla ya adhuhuri, na mtaa mzima hupata joto. Tuliona sote mwaka 2022 mibuyu iking'olewa mizima huko Kilifi ikapakiwe kwenda Georgia, na nchi nzima ikapiga kelele mpaka Rais akaagiza uchunguzi. Kelele zile zilikuwa za haki. Lakini mbuyu wa Kilifi haukuwa na haki kuliko mwembe wa Tudor, ila tu haukuondoka kimya kimya.

Sasa nirudi kwa yule kijana asiye na kamba, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa nitakalosema linanihusu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mkungu uani kwangu, tawi lake limelala juu ya paa. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, masika yako mlangoni, na kusi likianza kuvuma tawi kama lile halina dhamana. Nikamwita mtu. Tukapatana bei, kwa kushindana sana, na nilishinda mimi. Alipokwisha kukubali akaniambia, "Mzee, niongeze mia mbili nikaazime kamba kwa mwenzangu, yangu imelika." Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka kama nilivyoyasema, "Kazi ya saa moja, kamba ya nini?" Akanyamaza akakwea.

Tawi lilipokatika lilitoka na gome, likajipindua, likampiga kifuani. Alianguka kutoka juu ya ukuta hadi kwenye sakafu ya saruji ninapotawadhia. Alivunjika nyonga. Nilimpeleka hospitali, nikalipa siku za mwanzo, na marafiki walinipongeza kwa ihsani. Mwezi ulipokwisha mkewe alikuja na kisonyo, mtoto mgongoni, akakaa ukumbini na mke wangu. Nilidhani amekuja kudai. Akasema, "Mzee, nimekuja kushukuru." Wallahi, laiti angalinitukana. Maana niliyempa mumewe halikuwa sadaka. Lilikuwa deni, na hata hilo sikulilipa nusu. Mtu yule hakupanda mti tena, na anatembea kwa gongo mpaka leo.

Tulipokuwa watu wazima tukisema juu ya ajali ile, tulisema ni kadari. Ni kadari, ndiyo. Lakini kadari haikunikataza kutoa shilingi mia mbili. Tumefunzwa habari ya bedui aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Basi ikiwa ngamia anastahili kufungwa, binadamu aliye juu ya mwembe anastahili nini? Na tumefunzwa kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mkata miti hukauka upesi kwa upepo wa juu, na sisi tunatumia wakati huo kutoa kasoro: mbona hukufagia majani, mbona kuni hukuzipanga.

Atasema mtu, ndiyo kazi yao, wamezoea. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo haliendi kwa ushujaa wa wasukumaji, huenda kwa yale magogo madogo yaliyowekwa chini yake. Mazoea si nyenzo. Mkongwe wa kazi huanguka kama anavyoanguka mgeni, tofauti ni kwamba mkongwe alianguka siku nyingine.

Atasema mwingine, iko serikali, iko sheria. Ni kweli. Bunge lilipitisha mwaka 2007 sheria mbili, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa walioumia kazini. Lakini sheria hupata nguvu penye karatasi, na yule aliyeitwa kwa mluzi kutoka barabarani asubuhi hana karatasi. Kati yake na sheria tumesimama sisi wenye nyua. Sisi ndio mlango, na mlango ukifungwa sheria haiingii.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, wala hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, mwenye nyumba asimruhusu mtu kukwea bila kamba ya kiunoni. Asiulize kama anayo, aione. Kama hana, bei ya kuikodi iingie katika mapatano, wala isihesabiwe kuwa ni upole. Kama mti umegusana na waya za stima, mtu asikwee kabla ya shirika la umeme kuarifiwa na umeme kukatwa.

La pili, tupogoe kwa wakati wake. Watu wa Tudor hukumbuka miti yao mvua ya kwanza ya masika inapopiga, na hapo shina limelowa, gome linateleza na upepo umegeuka. Kazi ifanywe katika ukavu wa kaskazi, maembe yakiisha. Na atakayepogoa kidogo kila mwaka hatalazimika kukata kichwa baada ya miaka kumi.

La tatu, misikiti yetu. Mingi ina kamati, ina vifaa vya mazishi, na wako wanaoazimisha masufuria ya shughuli. Je, ni uzito gani kuweka kamba mbili nzuri, kofia ngumu mbili na mshipi mmoja, fundi akaja kuazima kwa dhamana na kurudisha magharibi? Jeneza tumeliweka tayari kwa kila mtu. Kamba inayomwepusha mtu na jeneza hatujaifikiria.

La nne ni la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo hapa hapa Tudor, kwenye barabara ya Tom Mboya. Wazee wetu wanakijua kwa jina la MIOME, taasisi iliyoanzishwa baada ya vita vikuu vya pili ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi wa mikono. Sultani wa Zanzibar alichanga, Aga Khan alichanga, Mabohora walichanga. Mwaka 1972 kikawa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Waasisi wake hawakuona haya kuita ufundi kwa jina la ufundi. Nje ya ukuta wake kuna watu wanaoning'inia kwenye matagaa kwa elimu waliyoiokota njiani. Mafunzo ya wiki mbili, ya kamba, mafundo, mikato mitatu na utunzaji wa msumeno, na cheti cha ukurasa mmoja, yangemfanya mtu huyo aweze kudai bei yake bila kupigiwa kelele getini. Na wanafunzi nao wangepata kwake mengi, kwani yapo aliyoyasoma juu ya mti ambayo hayako katika maktaba.

Jumamosi ile niliyoitaja mwanzo, nilirudi ndani nikatoa kamba yangu. Ninayo moja siku hizi, na nadhani msomaji anajua kwa nini. Nikamwita yule kijana, "Baba, shuka kwanza." Alishuka kwa wasiwasi, amedhani kuna kosa. Nilipompa kamba aliigeuza mkononi, akaivuta kuijaribu, akapiga fundo zuri ambalo mimi silijui jina lake. Akakwea tena. Wazee wa barazani walitazama bila kusema neno. Kisha yule aliyesema kwamba Mungu ndiye amshikaye akamiminia kahawa kikombe kimoja zaidi, akakifunika kwa kisahani, kimngojee akishuka.

Kwa kuwa nimezoea kumaliza kwa shairi, nimemtungia ubeti mmoja, na nauweka hapa kwa ajili yake na wenziwe:

Ewe mwana unokwea, msumeno mkononi,
Na kamba itegemea, uifunge kiunoni,
Kuna wanokungojea, wanao wako nyumbani,
Mola atakutetea, nawe jilinde mtini.

Wabillahi taufiki.